Bimkubwa Agombeza Sabuni

Haya, kaeni vizuri. Mwenye kununa na anune sasa hivi, amalize. Maana ndani ya hadithi hii yumo mtu anayenuna kuwashinda nyote.

Huyo hapo! Jina lake Bimkubwa. Mwili mdogo. Miguu midogo. Pua ndogo kama punje ya karafuu. Na hasira? Hasira kubwa kuliko nyumba!

Bimkubwa anakaa Wete, kisiwani Pemba. Anakaa na Mama. Anakaa pia na Khale Raya, mdogo wake Mama.

Khale Raya ndiye anayemsuka Bimkubwa nywele. Ndiye anayemkuna mgongoni, pale panapowasha. Si juu. Si chini. Pale pale!

Sasa, Ijumaa hii Khale Raya anaolewa. Akishaolewa atahamia Unguja kwa mumewe, Bwana Mbarouk.

Watu wote walifurahi. Jirani alifurahi. Paka alifurahi, alinusa nyama ya harusi.

Bimkubwa hakufurahi.

Mashavu yakajaa, puu!
Mguu ukapiga chini, ti! ti! ti!

"Sipendi!" akasema Bimkubwa.

"Hupendi nini, mwanangu?" akauliza Mama.

"Khale akifika Unguja atanisahau."

"Hawezi kukusahau."

"Atanisahau! Kule kuna watoto wengine. Nao wana migongo!"

Mama akafikiri. "Basi tumpe zawadi. Kila akiishika, akukumbuke."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Asubuhi na jioni?"

"Asubuhi na jioni."

"Hata akitoka chooni?"

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Hapo ndipo hasa! Tumtengenezee sabuni!"

Tena si sabuni ya mche, ile ya kufulia. Sabuni ya kopa! Umbo la moyo, kama ule tunaouchora ukutani tukapigwa. Yenye harufu ya karafuu.

Jumatatu asubuhi, Mama alivaa glavu. Akavaa miwani mikubwa. Akajifunga kitambaa mdomoni. Alifanana na chura anayekwenda kazini.

Bimkubwa naye akapandisha mikono ya gauni. "Mimi nakoroga!"

"Hukorogi."

"Nakoroga kidogo!"

"Hata kidogo hukorogi. Unaona huu unga mweupe? Unaitwa kostiki. Ni dawa kali, inaunguza ngozi. Watoto hawaigusi."

Mama akachukua mkaa. Akachora mstari chini, katikati ya ua. "Wewe kaa kule. Mstari huu usiuvuke."

Mashavu yakajaa, puu!
Mguu ukapiga chini, ti! ti! ti!

"Sipendi mstari!" akasema Bimkubwa. Lakini hakuuvuka. Alisogeza vidole vya miguu mpaka vikaugusa, basi.

Mama akatia maji ndooni. Akamimina kostiki ndani ya maji, polepole, polepole.

Fuuuuu!

Maji yakatoa moshi. Yakapata moto yenyewe! Hakuna jiko. Hakuna kuni. Hakuna kiberiti.

"Mama! Maji yamekasirika!"

"Tena sana," akasema Mama. "Yaache yapoe. Hayaguswi, hayasemeshwi."

Maji yakakaa. Yakakaa. Yakapoa.

Mama akaleta mafuta ya nazi. Akayachanganya na yale maji. Akakoroga.

Korogo, korogo, korogo!

"Bado?" akauliza Bimkubwa.

"Bado."

Korogo, korogo, korogo!

"Bado tu?"

"Bado tu."

Korogo, korogo... Mara ikawa nzito kama uji! Mama akatia mdalasini, ikapata rangi. Akatia mafuta ya karafuu. Ua wote ukanukia. Jirani akachungulia juu ya ukuta. "Mnapika nini? Niletewe sahani!"

"Sabuni!" akajibu Mama.

"Basi nimeshiba," akasema jirani.

Mama alikuwa na kalibu ya mpira yenye vishimo vya makopa. Akamimina. Do! Do! Do! Kila kishimo kikajaa.

"Lile la pembeni ni la Khale!" akapiga kelele Bimkubwa, nyuma ya mstari. "Liwekee punje ya karafuu! Katikati! Hapana, kushoto! Hapana, kulia! Mama, kulia ni kule!"

"Najua kulia, Bimkubwa. Nilianza kula kwa mkono huo kabla hujazaliwa."

Punje ikakaa katikati. Kopa la Khale likapendeza kuliko yote.

"Nipe sasa!" akasema Bimkubwa.

"Bado." Mama akaipeleka kalibu jikoni, akaifunika kwa taulo. Juu ya taulo akatandika blanketi kuukuu. "Sabuni ni kama bi harusi. Inawekwa ndani. Inafunikwa. Haitoki mpaka siku yake ifike."

Bimkubwa akautazama mlango wa chumba cha Khale Raya. Khale naye alikuwa amewekwa ndani. Alifunikwa kanga mpya. Alisuguliwa, alipakwa, alifukizwa udi. Mlangoni alikaa Bi Mize, mama mnene anayemtunza bi harusi. Hapiti mtu. Hapiti hata inzi.

Na bi harusi anatoka lini? Ijumaa.

"Ahaa!" Bimkubwa akajisemea. "Kumbe sabuni nayo inatoka Ijumaa!"

Loo! Kosa hilo, jamani! Lakini hakumuuliza mtu. Na asiyeulizwa hajibu.

Jumanne, Bimkubwa akaenda jikoni. Akaliinamia blanketi.

"Wewe sabuni! Umeiva?"

Sabuni kimya.

"Ukiitwa uitike!"

Sabuni kimya.

Jumatano, Mama akavaa glavu zake. Akayatoa makopa kwenye kalibu. Po! Po! Po! Akayapanga rafuni juu ya karatasi, yapigwe na hewa.

"Usiyaguse kwa mkono," akasema. "Bado makali."

Mama alipotoka, Bimkubwa akapanda kigoda. Akalikazia macho kopa la Khale.

"Nani kakwambia uwe mkali? Mkali hapa ni mimi!"

Sabuni kimya.

Alhamisi, Khale Raya alipakwa hina. Wanawake wakaimba. Bimkubwa akapanda kigoda tena.

"Wewe! Harusi ni kesho! Mwenzio anapakwa hina. Wewe unafanya nini? Umelala!"

Sabuni kimya. Sabuni ina dharau, jamani!

Ijumaa ikafika. Uani palijaa masufuria. Pilau ilichemka, bwata, bwata, bwata. Wanawake walipiga vigelegele.

Bimkubwa alivaa gauni la njano lenye marinda. Akasimama mbele ya Mama. Akanyoosha mkono.

"Mama, nipe kopa la Khale."

"La nini sasa hivi?"

"Leo ndiyo siku yake! Leo sabuni inatoka!"

Mama akaweka mwiko chini. "Mwanangu, siku yake bado. Sabuni hii inangoja wiki nne ndipo iwe tayari."

"Siku nne?"

"Wiki nne."

"Wiki? Wiki yenye Jumatatu ndani?"

"Wiki yenye Jumatatu ndani. Nne."

Shikilieni viti vyenu.

Mashavu yakajaa, PUUUUUU!
Mguu ukapiga chini, TI! TI! TI!

Masufuria yakatikisika. Paka akaruka ukuta. Vigelegele vikakatika katikati: "Lelele... le?"

"Ulisema sabuni ni kama bi harusi!" akapiga kelele Bimkubwa. "Bi harusi anatoka leo! Leo anaondoka! Nitampa nini?"

Mama akashika kichwa. "Loo! Kumbe ulielewa hivyo? Mimi nilitaka kusema inafunikwa tu. Nisamehe, mwanangu. Nilikueleza vibaya."

"Sisamehe!"

"Basi utanisamehe baadaye..."

"Na baadaye sisamehe!"

"Mama Bimkubwa!" wanawake wakaita. "Pilau inaungua!" Mama akakimbilia sufuria.

Bimkubwa akaingia jikoni. Akapanda kigoda.

"Wewe sabuni mvivu!" akasema. "Pilau imeiva! Nyama imeiva! Ndizi imeiva, tena haikuambiwa na mtu! Wewe peke yako hujaiva! Huna haya? Khale wangu anaondoka! Anaondoka, nawe umekaa tu hapo, na tumbo lako!"

Sabuni kimya.

Bimkubwa akachukua kipande cha karatasi. Akalikamata kopa kwa karatasi, mkono usiguse. Akashuka. Akaenda moja kwa moja chumbani kwa bi harusi.

Ti! Ti! Ti! Ti! Ti!

Mlangoni, Bi Mize. Amekaa. Amejaa.

"Shikamoo!" akafoka Bimkubwa. Hasira ni hasira, lakini adabu ni adabu.

"Marahaba. Wapi?"

"Ndani!"

"Bi harusi haonwi sasa."

"Nimemletea sabuni!"

"Ameshaoga."

"Aoge tena!"

"Huyu?" akasema Bi Mize. "Huyu ameoga, amesuguliwa, ameoga tena. Tukimwosha zaidi ataisha! Bwana Mbarouk aoe nini, taulo?"

Bi Mize akacheka, akainua mkono afute jasho. Chini ya mkono pakafunguka njia.

Chwi! Bimkubwa akapita.

Khale Raya alikaa kitandani. Gauni lake lilikuwa la kijani. Hina ilipanda mpaka kwenye viwiko. Alipendeza mpaka Bimkubwa akazidi kukasirika.

"Bimkubwa wangu!" akasema Khale.

"Chukua!" Bimkubwa akamnyooshea kopa. "Nilikutengenezea! Lakini haijaiva! Haiogewi! Inawasha! Na wewe nenda! Nenda zako Unguja! Ukakune migongo ya watu!"

Mlangoni, Bi Mize akachungulia.

Safari hii si sabuni iliyonyamaza. Ni Khale.

Kisha hasira ya Bimkubwa ikaanza kutoka machoni. Ikatoka maji. Tone moja. Matone mawili. Mvua.

Khale Raya hakusema, "Nyamaza." Hakusema, "Mtoto mzuri halii." Alishuka kitandani. Akakaa chini sakafuni, na gauni lake la harusi.

"Gauni!" akalia Bi Mize. "Mama wee, gauni!"

"Umekasirika," akasema Khale.

"Sana," akasema Bimkubwa.

"Na mimi nimekasirika."

Bimkubwa akafuta pua. "Wewe? Umekasirikia nini?"

"Bwana Mbarouk nampenda. Lakini Wete naipenda pia. Na kule hakuna wewe. Nani atanililia nikimchana nywele? Nani atakula kitumbua changu kabla sijakaa? Nimekasirika wiki nzima! Lakini bi harusi hanuni. Kila akigeuka, anapigwa picha."

Bimkubwa akatazama huku. Akatazama huku.

"Sasa hivi hakuna picha," akasema. "Nuna."

"Ninune?"

"Nuna upesi! Mashavu kwanza."

Mashavu yakajaa, puu! Na puu!
Miguu ikapiga chini, ti! ti! ti! Na ti! ti! ti!

"Hewala!" akasema Bimkubwa. "Tena!"

Puu! Puu! Ti! ti! ti! Bangili za Khale zikalia chaka, chaka, chaka!

"Ebo!" akapiga kelele Bi Mize. "Poda itapasuka! Nimeipaka tangu alfajiri!"

Wakatazamana, Khale na Bimkubwa. Wakacheka mpaka Khale akapata kwikwi.

Halafu Khale akalitazama lile kopa. Akalinusa kwa mbali.

"Linahitaji moto ndiyo liive?"

"Hapana. Linahitaji kukaa tu."

"Lazima likae Pemba?"

Bimkubwa akafikiri. Hakuna aliyesema lazima likae Pemba.

"Basi nitakwenda nalo," akasema Khale. "Likaive kwangu."

Mashavu ya Bimkubwa yakalegea kidogo. Kidogo tu! Msimsifu mapema.

"Lakini ulifunge kwa karatasi," akasema. "Usilitie kwenye plastiki. Linataka hewa."

"Sawa."

"Usiliguse kwa mkono. Usilitie maji."

"Sawa."

"Na uligombeze kila asubuhi. Halina akili hili. Lisipogombezwa haliivi."

"Nitaligombeza," akasema Khale. "Nitasemaje?"

"Sema, wewe sabuni mvivu, amka!"

"Wewe sabuni mvivu, amka!"

"Kwa sauti! Unaliogopa?"

"WEWE SABUNI MVIVU, AMKA!"

Nje, wapiga ngoma walisimama wakidhani wao ndio wanaoamshwa.

Jioni gari la harusi likaja, limpeleke Khale bandarini. Pii! Pii! Piiii! Khale Raya akapanda, na kifurushi cha karatasi mkononi.

Watu wote walipunga mikono. Bimkubwa alikuwa bado ana hasira. Akapunga kidole kimoja.

Gari likaenda. Nyumba ikawa pana. Pana vibaya.

Kesho yake Mama ndiye aliyemsuka. "Unavuta!" akafoka Bimkubwa.

Kesho kutwa Mama akamkuna mgongo. "Si hapo! Juu! Chini! Aaa, basi acha!"

Jioni hiyo Mama akakaa naye kizingitini. "Bado hujanisamehe?"

Bimkubwa akawaza. "Nimekusamehe nusu."

"Nusu naipokea," akasema Mama.

Na kila asubuhi Bimkubwa alipanda kigoda, akayagombeza makopa yaliyobaki rafuni.

"Ninyi wavivu! Mwenzenu yuko Unguja anaiva! Ninyi mnangoja nini?"

Sabuni kimya. Lakini kila siku zilikauka kidogo. Zikawa ngumu kidogo. Harufu ikatulia.

Wiki ikapita. Na nyingine. Na nyingine. Na nyingine, nayo ilijivuta kama konokono mwenye kilema.

Jioni moja, simu ya Mama ikalia. Kriii! Kriii!

"Nipe Bimkubwa!" ikasema sauti. "Upesi!"

Bimkubwa akaikamata simu kwa mikono yote miwili. "Khale?"

"Limeiva!"

"Kweli? Uliligombeza?"

"Kila asubuhi! Wewe sabuni mvivu, amka! Tatizo ni Bwana Mbarouk. Alidhani namgombeza yeye. Sasa anaamka kabla ya jogoo. Jana kafagia nyumba nzima!"

Bimkubwa akacheka. Khi! Khi! Khi!

"Nilikungoja," akasema Khale. "Sijalitia maji. Nilisema, silitumii mpaka Bimkubwa asikie. Upo?"

"Nipo."

"Nafungua bomba."

Shwaaaa! Bimkubwa akayasikia maji ya Unguja.

"Sasa nalisugua."

Chwa, chwa, chwa, chwa.

"Povu!" akapiga kelele Khale. "Bimkubwa, povu! Jeupe! Linanijaa mikononi!"

"Haliwashi?"

"Haliwashi. Laini kama shavu lako usipolijaza."

"Linanukia?"

Khale akalinusa. Sauti yake ikawa ndogo.

"Linanukia kwetu. Nimefumba macho, niko uani. Nakuona umesimama hapo."

"Nimevaa nini?"

"Sijui umevaa nini. Lakini umenisogelea."

Bimkubwa akasogea karibu zaidi na simu. Akaibana shavuni.

Mama akaleta beseni la maji, na kopa moja kutoka rafuni. "Haya, Bimkubwa. Sasa unaweza kushika."

Bimkubwa akalishika. Kwa mkono! Akasugua. Chwa, chwa, chwa!

"Khale, nami nanawa! Unasikia?"

"Nasikia! Sugua na vidole!"

"Nawe sugua na vidole!"

Wakanawa. Mmoja Pemba, mmoja Unguja. Povu huku, povu kule. Mama akaishika simu katikati, isiloe.

"Kesho tena?" akauliza Bimkubwa.

"Kesho tena," akasema Khale. "Kabla ya kula. Usichelewe, nitakukasirikia!"

"Mama," akasema Bimkubwa simu ilipokatwa, "ile nusu nyingine nayo, chukua."

Mama akamkumbatia, mikono ya Bimkubwa ikiwa na povu vilevile.

Usiku Bimkubwa alipanda kitandani. Aliweka kiganja chake juu ya pua.

Akavuta pumzi. Karafuu. Khale.

Akashusha pumzi.

Akavuta tena. Karafuu. Khale.

Macho yakajifumba. Mkono ukabaki pale pale, puani, mpaka asubuhi.

Haya, povu limekwisha, na hadithi imekwisha nalo. Kanaweni mikono, mkalale.